Picha Iliyoishia Kabla ya Jembe

Mume wangu alikuwa mshika lango la ndiva. Kabla sijasimulia habari ya sinema inabidi nieleze maana ya neno hilo, kwa sababu wajukuu zangu wenyewe, wanaofungua bomba huko Same mjini, hawalijui.

Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono ubavuni mwa mlima. Usiku kucha linapokea maji ya kijito, na asubuhi linakuwa limejaa. Chini kuna tundu, na tundu limezibwa kwa gogo lililoviringishiwa majani makavu ya mgomba na kukandikwa udongo. Anayelichomoa gogo hilo ndiye anayeamua maji yaende shamba la nani kwanza, yakae huko kwa muda gani, na nani angoje kesho. Kwetu, kijiji cha milimani juu ya kijiji kiitwacho Kisiwani, gogo lilishikwa na babu wa mume wangu, kisha baba yake, kisha yeye. Halikuwa na mshahara. Lakini aliyelishika akisimama barazani watu walinyamaza, na wenyeji wa Kisiwani, ambao mashamba yao yako tambarare mwishoni mwa mfereji wetu, nao walipata zamu yao kwa mkono wake. Akishuka huko alisalimiwa na watu asiowafahamu. Mume wangu hakuwa na kingine cha kujivunia. Ng'ombe hakuwa nao wengi, shule alisoma kiasi cha kufuata kitabu cha nyimbo kanisani, na kwa sura, Mungu anisamehe, hakuwa mtu wa kugeukiwa njiani. Alikuwa na lango.

Jambo la pili ni mchezo wetu. Ndiva hujaa tope, na tope huondolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima. Pembe inalia alfajiri, kila nyumba inatoa watu, wanaume wanachimba na wanawake tunabeba tope kwa vikapu. Wakati wa mapumziko mtu mmoja alijitenga, kisha akaja akijikongoja, akipiga miayo, akiuliza leo ni siku gani, akilitafuta jembe ambalo liko begani mwake. Huyo ndiye mchelewaji. Tulimzomea na kumcheka mpaka makande yakatupalia. Mwishoni mzee mmoja alimpa jembe mkononi, na akilishika tu ujinga umemtoka: anasimama wima, anaanzisha wimbo, na watu wote wanarudi kazini nyuma yake.

Mchezo huo hakupewa mvivu. Kumpa mvivu kungekuwa kumtukana mbele ya watu, na angeshika njia akaenda zake. Alipewa mtu ambaye hajawahi kuchelewa, mtu ambaye hakuna anayeweza kudhani kwamba ndivyo alivyo kweli. Tangu nilipoolewa pale, mchelewaji alikuwa mume wangu.

Miaka ile baada ya vita vikuu vya pili Waingereza walikuwa wameshikwa na homa ya matuta. Bwana shamba alipanda mlima na kamba yake ya kupimia, akitufundisha kuchimba matuta ili mvua isibebe udongo. Wengine walinung'unika kwamba milima hii tumeilima tangu enzi na haijaondoka. Mume wangu aliyachimba bila kusukumwa, kwa sababu shamba letu liko chini ya ndiva, na udongo ukishuka unaziba mfereji ambao yeye mwenyewe ndiye atakayelaumiwa. Matuta yake yalikuwa mazuri. Bwana shamba aliwahi kuleta Mzungu mwenzake kuyatazama.

Basi siku moja wakaja watu wa picha. Gari lao liliishia njia ilipoishia, na masanduku yalipandishwa kwa vichwa vya watu. Alikuwapo Mzungu mmoja mwekundu kwa jua, sisi tukamwita Bwana Picha, na mkalimani wake, mtu wa Tanga mwenye kofia ya kitani na Kiswahili laini kilichotufanya wote tujisikie tunatafuna mawe. Tukaitwa kwenye uwanja wa shule.

"Hadithi yenyewe ni ya watu wawili," mkalimani alisema. "Wa kwanza ana akili, anafuata maneno ya bwana shamba, anapata chakula kingi. Wa pili ni mjinga. Sasa, nani atakuwa mjinga?"

Nilikuja kusikia kwamba vijiji vingine swali hilo lilipoulizwa watu waliinamisha macho. Kwetu vidole vyote vilimwelekea mume wangu papo hapo, na wazee walikuwa wanatabasamu. Mkalimani alitushangaa. Akamwuliza mume wangu kwa sauti ya upole, sauti ya kumwonea huruma, "Na wewe mwenyewe unakubali, kaka?"

"Mimi ndiye ninayeifanya kazi hiyo siku zote," mume wangu akajibu, kifua mbele.

Mkalimani akatafsiri. Bwana Picha akacheka sana na kumshika mkono. Nilikuwa nimesimama na wanawake nyuma ya darasa, na nakumbuka vizuri kwamba niliona fahari. Wanawake wenzangu walinigusa bega. Tulidhani tunampa mgeni mtu wetu bora.

Kuwa mwenye akili alichaguliwa mwalimu wa shule, kijana mpole, asiyependa ugomvi. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa na kaptura iliyopigwa pasi na viatu. Hakuna sababu nyingine niliyoisikia.

Sasa lilikuwapo tatizo dogo. Mwenye akili anahitaji shamba zuri, na mwalimu hakuwa nalo. Alishinda darasani tangu asubuhi, na kipande chake cha ardhi kilikuwa kimepasuliwa na korongo ambalo lingemeza mbuzi. Bwana Picha akazunguka akitazama, kisha akaonyesha shamba letu. Mwalimu aliona haya.

"Lakini hili si langu," akamwambia mkalimani. "Hili ni la huyu bwana, mjinga. Yaani, huyu anayekuwa mjinga."

"Haidhuru, Mwalimu. Picha haiulizi shamba la nani."

Kwa hiyo mwalimu alipigwa picha kwenye matuta ya mume wangu, na mume wangu akapigwa picha kwenye korongo la mwalimu. Sisi tuliona ni kichekesho. Mwalimu alipokuwa juu ya tuta akishika jembe, Bwana Picha alilala kifudifudi kwenye nyasi chini yake, na hatukuwa tumewahi kumwona Mzungu akilala chini mbele ya Mwafrika, kwa hiyo tulilitazama hilo kuliko tulivyomtazama mwalimu. Zamu ya mume wangu ilipofika, yule Mzungu alipanda jabali lililo juu ya korongo, akamwelekezea mashine yake ya picha kutoka huko. Tulidhani anaogopa kuchafua nguo.

Mume wangu alifanya kazi yake vizuri mno. Alilala chini ya mgomba, akajikuna, akaamka akalitazama jua na kulikunjia uso kana kwamba limemkosea, akarudi kulala. Watu walicheka mpaka wakaambiwa wanyamaze. Na mimi niliingizwa. Nilikuwa natoka kijitoni na mtungi kichwani, mkalimani akanisimamisha: mke wa mjinga hana maji, kwa hiyo nimwage. Nikamwaga. Nikapita mbele ya mashine na mtungi mtupu, nikaambiwa nirudie bila kucheka, nikarudia, kisha nikashuka tena kijitoni kuteka upya, maana jioni watu watakula nini.

Jua lilipoanza kushuka wakafunga masanduku. Mume wangu akamfuata mkalimani.

"Na jembe napewa lini?"

"Jembe lipi?"

"La mwisho. Mjinga anapewa jembe, anasimama."

Mkalimani akamwuliza Bwana Picha, wakazungumza kwa Kiingereza. Akarudi na kusema kwamba hayo yataangaliwa. Mume wangu alirudi nyumbani akinieleza kwamba sehemu ya jembe itapigwa siku nyingine, pengine Same, ambako kuna uwanja mpana. Alianza hata kufikiria wimbo atakaouanzisha.

Hawakurudi. Mvua zilipita, tukavuna, na ndipo habari ikapanda kutoka chini kwamba gari la sinema liko Kisiwani na picha yetu imo. Tulishuka kijiji kizima, wazee kwa vijana, jua likiwa bado kali. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuona sinema. Walikuwa wamefunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili, na nyuma ya gari jenereta ilikuwa inanguruma. Watu wa Kisiwani walitupisha tukae mbele, kwa heshima ya mume wangu, maana wao ni watu wa mwisho wa mfereji wake. Yeye alivaa koti lake la kanisani.

Giza lilipoingia wakaanza. Kwanza askari walipiga gwaride katika mji mkubwa wa Waingereza. Kisha nikaona mlima wetu. Nililijua lile jabali kabla sijajua kitu kingine chochote, na nilishtuka, kwa maana lilikuwa linatazama Kisiwani kutoka juu ya kitambaa wakati lenyewe lilikuwa nyuma yangu gizani.

Sauti ikaanza kusema kutoka kwenye kipaza sauti. Hapakuwa na mtu aliyeonekana akiitoa. Ilikuwa Kiswahili kizuri cha pwani, cha taratibu, cha mtu ambaye hajawahi kukatizwa. "Tazameni mtu huyu. Yeye ana akili. Ameamka mapema." Na mwalimu akatokea. Hakuwa mwalimu niliyemjua. Alikuwa mrefu kama mti, amesimama na mbingu nzima nyuma yake, mawingu yanampita mabegani. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mzungu alilala chini. "Na huyu ni mjinga." Mume wangu akatokea, mfupi, amebanwa ardhini, nyuma yake hakuna mbingu hata kidogo, ni udongo mwekundu wa korongo tu. Mashine ilikuwa inamtazama jinsi mtu anavyomtazama kuku.

Watu wakaangua kicheko, na sisi tulicheka kuliko wengine. Mume wangu alikuwa hodari, hata kwenye kitambaa. Alicheka yeye mwenyewe.

Kisha likaja shamba. Mwalimu anatembea, na kufumba na kufumbua yuko kwenye matuta yetu, na maji yanashuka kwenye mahindi yetu, yanang'aa. "Hili ni shamba la mwenye akili." Kisha mume wangu anaamka, na kufumba na kufumbua yuko kwenye korongo. "Na hili ni shamba lake." Baadaye likaonyeshwa ghala la misheni, lililojaa mahindi ya waumini wote, likawa la mwalimu peke yake. Nikajiona na mimi, nimeinamisha mtungi mtupu. "Mke wake naye anapata taabu." Sikuwa na taabu yoyote siku ile, isipokuwa ya kuteka maji mara mbili.

Sikuhisi kitu. Watu huniuliza kama nilikasirika, na ningependa kusema ndiyo, lakini moyo ulikuwa umekufa ganzi, na ganzi hiyo haikutoka upesi. Niliona shamba langu likipita mkononi mwa mtu mwingine bila mtu kuliiba, nikawa naangalia tu jinsi maji yalivyokuwa yanapinda kwenye tuta la tatu, mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa nimeweka jiwe.

Mwisho mume wangu alikaa mbele ya kapu tupu, ameshika tama. Kitambaa kikawa cheupe.

"Bado jembe," mume wangu akanong'ona.

Jenereta ikazimwa. Watu wa Kisiwani wakainuka, wakakung'uta vumbi, wakaanza kuitana kurudi majumbani. Sisi wa mlimani tulibaki tumekaa. Sidhani kama kuna mtu aliyekubaliana na mwenzake tukae. Tulikaa kwa sababu mchezo ulikuwa haujaisha, na mtu haachi mchezo mjinga akiwa bado amekaa chini. Mkalimani alikuwa anakunja waya.

"Imekwisha jamani, nendeni mkalale."

Mume wangu akasimama. "Na ile sehemu ya jembe?"

"Sehemu gani, kaka?"

"Ya mwisho. Anapopewa jembe akasimama."

"Hiyo haimo," mkalimani akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Mjinga anabaki mjinga. Ndiyo mafundisho yenyewe."

Ilianza kwa mzaha. Watu wa Kisiwani walipopanda kuchukua zamu yao, walimsalimia mume wangu, "Habari za usingizi?" naye akajibu kwa mzaha vilevile. Kisha wakaanza kumwuliza mara mbili. Akisema zamu yenu ni kesho, wanauliza, una hakika? Wanamgeukia mtu mwingine kuthibitisha. Siku moja mtu wao alifungua mfereji mwenyewe kabla ya wakati, na mume wangu alipomkemea, akaambiwa arudi akalale, jua bado kali. Waliokuwapo walicheka. Mume wangu aliniletea habari hiyo nyumbani, akaisema yote mpaka mwisho, kisha akaomba chakula.

Watu wa siku hizi wanadhani wale wa Kisiwani hawakujua kwamba sinema ni mchezo. Walijua. Hawakuwa washamba wa kuogopa kitambaa, na wengi wao walikuwa wamefanya kazi mashamba ya mkonge, wameona sinema kuliko sisi. Lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Walikuwa wamekaa uwanja mzima wakamcheka mtu yule pamoja na wake zao, hawakupewa nafasi ya kuacha kumcheka, na keshoye wanatakiwa wangoje neno lake ndipo wapate maji. Sisi tulikuwa na jembe la kumrudishia mtu heshima yake. Wao hawakuwa na desturi hiyo, na picha haikuwaletea.

Jambo likafika barazani kwa chifu. Mzee mmoja wa Kisiwani alisimama, mtu wa adabu, ambaye mume wangu alikuwa anampa shikamoo na mzee yule anamwitikia kama mwanawe.

"Sisi hatusemi kijana wetu huyu ni mjinga," mzee akasema. "Tunasema tu kwamba tumemwona."

Mwalimu alisimama, na hilo namshukuru mpaka leo. Akaeleza kwamba shamba lililoonyeshwa si lake, kwamba korongo ndilo lake, kwamba yeye hata jembe alilishika vibaya na Bwana Picha akamrekebisha. Watu wakacheka, wakampenda zaidi. Chifu akasema mwalimu ana unyenyekevu. Alikuwa anajua ukweli, chifu, alikuwa amekula mahindi ya matuta yale. Lakini bwana shamba alikuwa amekaa kando yake kwenye kiti cha kukunja, na bwana shamba alikwisha kusema kwamba serikali ingefurahi kuona kazi za kijiji zikishikwa na watu wa mfano.

Wakampa mwalimu gogo. Mume wangu aliulizwa kama ana neno. Akasema, "Lile jembe," kisha akaketi.

Sina hadithi ya kuwapa kwamba mwalimu alishindwa. Hakushindwa. Alikuja nyumbani kwetu jioni ile, akakataa kuketi, akamwambia mume wangu, "Kaka, nitalishika mpaka wasahau, nikurudishie." Mume wangu akamfundisha majani yanavyoviringishwa. Maji yalikwenda zamu kwa zamu, mahindi yakamea, ya kwetu pia. Hawakusahau.

Nimeona picha nyingi tangu hapo. Binti yangu wa Same ana televisheni, na nikienda kwake nakaa nao jioni, lakini sifuati hadithi. Natafuta mahali alipolala mpiga picha. Nikiona mtu ana mbingu nyuma yake nasema, huyu atashinda; nikiona mtu ametazamwa kutoka juu nasema, huyu wamekwisha kummaliza. Wajukuu wanasema bibi anajua sinema. Nawaambia nilikuwa mwigizaji, na wanacheka wakidhani natania.

Nimefikiri pia juu ya ile hadithi ya watu wawili. Haikuwa ya watu wawili. Alikuwapo wa tatu, mwenye sauti, ambaye hakuonyeshwa kutoka juu wala kutoka chini. Nyumbani kwetu, hadithi ikisimuliwa jikoni, msimuliaji anangoja kuitikiwa, na msipoitikia ananyamaza. Mtu anaweza kusema, hapana, haikuwa hivyo. Ile sauti ya Kisiwani haikungoja mtu. Na jambo jingine lilinichukua miaka kuliona, ingawa lilikuwa kubwa kuliko yote: ndiva haikuwamo. Waliipita njiani kila siku na masanduku yao na hawakuielekezea mashine. Katika picha maji yanatokea pembeni mwa kitambaa na kumwendea mwenye akili kwa sababu ametii. Hakuna bwawa, hakuna pembe ya alfajiri, hakuna watu wa kijiji kizima kwenye tope. Kuna mtu mmoja na shamba moja na bwana shamba. Sijui kama Bwana Picha alikusudia. Pengine alidhani ni dimbwi la kunyweshea ng'ombe.

Msaragambo wa kwanza baada ya baraza, wakati wa mapumziko ulipofika, watu walikula makande yao. Nilimwona mume wangu akinawa mikono kwa namna aliyokuwa akinawa kabla ya kujitenga na kuja kufanya mchezo. Wazee walimtazama, wakatazamana, wakatazama chakula. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kumpa mchezo ule sasa kungekuwa kumtukana, na wao walimheshimu mno kumtukana. Akakausha mikono kwenye suruali. Mchezo haukuchezwa, na haukuchezwa tena mwaka ule.

Msaragambo uliofuata, pembe ililia alfajiri. Mume wangu alikuwa amelala ameelekea ukutani, macho wazi. Nikamwuliza, "Huendi, baba watoto?"

"Nitakuja. Tangulia."

Nikatangulia. Tulifanya kazi mpaka jua likapanda, na majirani hawakuniuliza yuko wapi, jambo ambalo si kawaida yao. Nilikuwa juu ya ukingo wa ndiva, nimemwaga kikapu cha tope, nilipomwona anakuja. Alikuwa chini kabisa kwenye njia, anapanda polepole, mikono mitupu. Kutoka pale niliposimama alionekana mfupi, na nyuma yake hapakuwa na mbingu, ulikuwa udongo tu. Nilijua nimeshamwona hivyo kabla. Nikataka kushuka upesi nisimwone kutoka juu, lakini nikabaki nimeshika kikapu.

Alipoingia katikati ya watu kazi ilisimama. Hakupiga miayo. Hakuuliza leo ni siku gani. Nilingoja mtu mmoja amzomee, mtu yeyote, hata kwa ukali, na hakuna aliyefungua kinywa. Nikawatazama wazee mmoja mmoja. Waliinama, wakaendelea kuchimba.

Jembe la mtu lilikuwa limelala kwenye ukingo. Kumpa mchelewaji jembe ni kazi ya wazee, si ya mwanamke, na hakika si ya mke wake. Nililiokota, nikashuka, nikampa mkononi.

"Asante, mama watoto," akasema, kama mtu anayepokea kitu dukani. Akaingia kwenye tope mwisho wa mstari na kuanza kuchimba. Nilisimama kidogo nikingoja wimbo, kisha nikarudi kubeba kikapu changu.